Ukanda wa Kofia ya Alwine

Kwenye soko la vitu vikuukuu la Jumapili hapa Bochum, Ujerumani, wauzaji walimjua Ewald Piontek kwa pua yake. Haikuwa pua kubwa wala ya ajabu. Ila ukimkabidhi kofia ya chuma, hakuuliza bei wala habari zake. Aliipindua, akazamisha pua ndani kama mbuzi kwenye ndoo, akafumba macho na kuvuta hewa. Kisha akatoa hukumu.

"Chai," alisema. "Umeipaka chai ngozi yake ili ionekane kuukuu."

Au: "Hii ilizikwa bustanini. Tena si zamani, minyoo bado wanaitafuta."

Muuzaji alinuna au alitukana, majirani zake wa meza walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia, na Ewald akaenda zake meza ya pili. Walimbandika jina la Bwana Pua, naye hakulikataa. Mtu anayeogopa kuchekwa hawezi kutembea sokoni akinusa vichwa vya marehemu.

Alikusanya aina moja tu. Kofia za askari hakuzitaka hata kwa bure. Alizitaka za raia, za walinzi wa nyumba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kila nyumba ilikuwa na mlinzi wake: muuza mikate, mwalimu mstaafu, na baadaye, wanaume walipomalizwa na vita, mama wa watoto. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba ndoo za mchanga zimejaa darini, kwamba mwanga hauvuji dirishani, na kwamba king'ora cha ndege za mabomu kikilia watu wote wameshuka stoo ya chini ya nyumba. Kichwani alivaa kofia ya bati jepesi, ya buluu iliyokolea, yenye mshono uliotokeza pande zote na nembo ya mabawa mbele, msalaba wa Wanazi katikati yake. Vita vilipokwisha, watu wetu, ambao hawajui kutupa kitu, walizitoboa matundu wakachujia viazi, au walizipigilia mpini mrefu wakatekea samadi. Kofia mbili za kwanza za Ewald zilitoka kwenye shimo la samadi la mkulima mmoja, na mkewe, Roswitha, alimfukuzia chumba cha wageni, yeye na kofia zake.

Ukimuuliza kwa nini anazipenda, alikasirika kwanza, halafu akajibu. Alikuwa mtoto kwenye stoo hizo. Alichokumbuka ni ukingo wa kofia mlangoni na sauti inayoita majina ya watu, basi, sura hakuipata. "Askari ana jiwe lake kila kijiji," alisema. "Hawa waliobeba mchanga wana nini? Wana chujio la viazi."

Maneno mazuri hayo, lakini hayakumfanya mpole. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa rangi kwenye kiwanda cha magari. Gari lilimpitia chini ya taa kali, linameta, kila mtu anaona limekamilika, na yeye alilipwa mshahara wa kutoamini. Alipostaafu, taa ile ilibaki kichwani mwake. Alikagua risiti ya dukani, akakagua mkate, akakagua na majibu ya mkewe.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, Bwana Polisi," Roswitha alimjibu. "Ukitaka kunusa, sogea."

Ila kilichomharibu kabisa kilikuwa kisa cha Detlef. Detlef alikuwa mwenzake wa meza ya karata, na alimuuzia kofia ya kwanza iliyo safi, ghali, akiapa kwamba ni ya mjomba wake aliyelinda nyumba moja karibu na kituo cha treni. Alimsimulia mjomba huyo mpaka machozi yakamlenga. Ewald aliiweka katikati ya rafu, akawaonyesha wageni kwa miaka, hadi mgeni mmoja alipoinama na kumwonyesha kwamba uzi wa ndani ni nailoni. Detlef hakukana. Alicheka.

"Ewald wee, hadithi ndiyo niliyokuuzia. Kofia nilikupa bure."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Ewald hakucheza karata na Detlef, na hakusikiliza tena hadithi ya mtu. Mjomba, babu, bibi, kifo cha kishujaa: kadiri kilivyokuwa kizuri ndivyo alivyorudi nyuma. Jina la mtu likiwa limeandikwa ndani ya kofia, wengine walifurahi. Yeye alizidi kutilia shaka, maana jina huandikwa na anayetaka hadithi iaminike. Akanunua na taa ndogo ya zambarau, ile wanayokagulia noti benki. Kitambaa na uzi wa zamani, ukivimulika gizani, vinabaki vimekufa. Vya baada ya vita vinang'aa vyeupe kama meno. Pua iliweza kukosea. Taa, kwa imani ya Ewald, haikukosea.

Naye alishukiwa vilevile, usidhani alipona. Jirani wa ghorofa ya juu alichungulia dirisha la stoo yake, akaona kofia zimepangwa ukutani, akapiga simu. Walikuja polisi wawili, mmoja kijana, mikono kiunoni, wakitafuta ile alama ya Wanazi iliyopigwa marufuku katika nchi yetu. Hawakuiona. Kila nembo Ewald alikuwa ameibandika plasta ya kidonda, moja moja, sawasawa, hata pale ambapo hakuna mtu wa kuona ila yeye.

"Umekata vidole vingi sana, mzee," polisi kijana alisema.

"Nyinyi mnafikiri mimi ni mmoja wao," Ewald alimjibu. "Semeni tu."

Wakaondoka, na tangu hapo jirani wa juu alimsalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Ewald aliijua salamu ya namna hiyo.

Basi ikaja habari ya maonyesho. Mtaani kwetu kuna handaki la zege la wakati wa vita, halina madirisha, limekaa kati ya duka la samani na maegesho, na hakuna aliyewahi kuwa na fedha za kulibomoa. Chama cha historia cha mtaa, chini ya mwenyekiti wake Gisbert Overkamp, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa, kiliamua kulifungua na kuonyesha mambo ya stoo na mabomu. Watu waliombwa walete vitu vya nyumbani. Overkamp alimwomba Ewald awe mkaguzi, kwa sababu chama jirani kilikuwa kimeumbuliwa gazetini kwa kuonyesha vitu bandia, naye Overkamp aliogopa gazeti kuliko alivyomwogopa Mungu.

"Wewe uangalie tu," Overkamp alimwambia. "Ukisema ndiyo, inaingia. Ukisema hapana, haiingii. Mimi sijui mambo haya."

Jumamosi mchana watu walipanga foleni ndani ya handaki na mifuko yao. Zikaja barakoa za gesi, mapazia meusi, sanduku la kukimbilia stoo, la mzazi wa mmoja wao. Mwishoni akaja Bi Irmtraud Hasenkamp, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa akina Piontek, mwanamke asiyeolewa, mstaafu wa posta. Kila mtu alimjua kwa mapazia yake. Zamani, migodi ilipokuwa inafanya kazi, masizi yalishuka mtaani kama unga, ukianika shuka jeupe unaanua la kijivu, na wanawake wetu walipimana kwa weupe wa dirisha. Migodi ilifungwa, masizi yakaisha, Bi Hasenkamp hakupunguza hata siku moja ya kufua.

Alitoa kofia kwenye mfuko wa sokoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa ya mwisho wa vita, wakati ngozi imeadimika: bitana ya kitambaa, ukanda wa kidevu wa kitambaa. Nembo ilikuwa imekwanguliwa. Ndani, kwa rangi nyeupe, jina: A. Hasenkamp.

"Ya mama yangu," alisema. "Alwine. Alikuwa mlinzi wa nyumba yetu. Novemba ile ya mabomu, mwaka arobaini na nne, alitushusha sote, halafu akarudi juu kumfuata babu wa ghorofa ya nne aliyekataa kushuka. Hakurudi. Nilikuwa na miaka minne, simkumbuki. Baba aliporudi kutoka vitani alinipa hii, akaniambia, hiki ndicho kilichobaki cha mama yako." Akanyoosha ukanda kwa kidole. "Pesa sitaki. Nataka iwekwe na jina lake. Basi."

Watu wa foleni walikuwa wamesogea karibu. Overkamp alivua miwani akaifuta. Ewald aliona jinsi walivyolainika wote, na moyo wake ukafanya kinyume. Alimwona mjomba wa Detlef. Jina ndani, kifo cha kishujaa, pesa sitaki. Akainama akanusa. Hakupata jasho, hakupata moshi, hakupata stoo. Alipata maua, waridi la sabuni, na akafikiri: anayeosha anaficha.

"Zima taa," alimwambia Overkamp.

Handaki likawa giza tupu. Taa ya zambarau ikawaka, ikapita kwenye bati, ikafika kwenye ukanda. Ukanda ukang'aa. Uling'aa wote, na bitana nayo, kwa weupe wa ubaridi ambao kila mtu aliuona mpaka nyuma ya foleni.

"Kitambaa cha vita hakifanyi hivi," Ewald alisema gizani. "Hiki kimetengenezwa baadaye. Miaka ya sitini, labda. Sabini."

"Maana yake nini?" Bi Hasenkamp aliuliza.

"Maana yake kuna mtu alikudanganya, Bi Hasenkamp. Kama si wewe unayetudanganya sisi."

Taa za dari zilipowashwa, alikuwa bado amesimama palepale, uso hauna kitu. Aliirudisha kofia kwenye mfuko, akafunga zipu, akasema, "Asanteni kwa muda wenu," akatoka. Hakubishana. Ewald alilihesabu hilo pia kama ushahidi, maana mwenye haki, alimwambia Overkamp, hupiga kelele.

Kabla ya Jumatatu habari ilikuwa imefika kwenye kibanda cha bia na magazeti, na pale mtaa wetu haujawahi kumhurumia mtu.

"Ati alinunua sokoni akaandika jina la mamake."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Upweke, bwana. Hana mume, hana mtoto, anataka hata mama shujaa."

"Na mapazia yote yale! Unaona? Mtu msafi hivyo ana kitu."

Ewald alinunua gazeti lake, akasikia yote. Hakufurahi, tusimsingizie. Ila alijisikia mwepesi kama mtu aliyeziba tundu la panya. Roswitha ndiye aliyeleta habari nyingine, siku chache baadaye, akiwa anamenya viazi.

"Nimemkuta Hasenkamp anapiga deki ngazi. Si zamu yake."

"Sasa?"

"Nimemsalimia, hajaitika. Ewald, yule mwanamke namjua tangu tunachumbiana mimi na wewe. Hajawahi kuniibia hata kibanio cha nguo."

"Detlef naye hajawahi kuniibia kibanio."

"Haya, Bwana Polisi. Siku moja utanikamata mimi, utanimulika, utaona ninang'aa."

Alisema kwa utani tu. Lakini ulimi huumba. Vuli iliingia, maboga ya bustani yakavunwa, plamu zikaiva, na alasiri moja Ewald alikuwa stooni chini, taa imezimwa, akikagua kofia aliyoletewa na mtu wa Herne. Roswitha aliteremka na kahawa na keki ya plamu, maana alijua kahawa asipoipeleka haitanywewa. Keki aliifunika kwa kitambaa cha meza.

"Washa taa, nitavunjika miguu!"

Ewald aligeuka na taa ya zambarau mkononi. Kitambaa juu ya keki kiliwaka. Kilikuwa cheupe kuliko chochote chumbani, herufi zilizotariziwa pembeni zikisimama kama zimeandikwa kwa chokaa.

"Kitambaa kipya hicho," alisema. Alisema kwa mazoea, hata hakufikiri.

"Kipya, mume wangu? Hicho ni cha bibi yangu. Alikitarizi mwenyewe kule Silesia kabla hajaolewa, kabla hata ya vita vya kwanza. Herufi zake hizo, huzioni? Unakula juu yake kila Krismasi."

"Hakiwezi kung'aa."

"Basi kiambie."

Alikichukua, keki ikabaki wazi. Akakigeuza upande wa pili, akakinusa. Maua. Waridi la sabuni ya unga, ileile ya kila nyumba ya mtaa huu. Alikaa juu ya kreti la bia, na Roswitha, aliyekuja na mzaha mdomoni, akaumeza.

Hakuamini bado. Hata hapo hakuamini, ndivyo alivyokuwa. Alitoa kofia aliyoipata mwenyewe darini kwa mjane wa Hattingen, iliyofunikwa vumbi ambalo hakuna mkono uliokuwa umeligusa, kofia pekee aliyoweza kuiapia. Ukanda wake ulikuwa wa kitambaa. Aliumulika: umekufa. Akachukua mkasi akaukata katikati. Mkusanyaji yeyote akisikia hili atashika kifua. Nusu moja aliiacha, nusu ya pili aliitia kwenye beseni na kijiko cha sabuni ya unga, akaisugua, akaisuuza, akaianika juu ya bomba la joto. Ilipokauka alizima taa ya dari.

Nusu moja ilikuwa giza. Ya pili iling'aa.

Aliona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni. Alivaa koti, akatia nusu zote mbili mfukoni na taa, akaenda nyumba ya tatu.

Bi Hasenkamp alifungua mlango, akampisha. Jikoni kulikuwa kusafi mpaka mtu anaogopa kukaa. Kofia haikuonekana.

"Bi Hasenkamp, nina swali moja. Ile kofia uliiosha?"

Mashavu yalimpanda rangi. Baada ya yote, hilo ndilo lililomuudhi.

"Unanionaje wewe? Ningepeleka kitu cha mama yangu mbele za watu kikiwa kichafu? Ninaiosha kila mwaka. Kwa brashi, kwa maji ya vuguvugu. Tangu msichana."

"Kwa sabuni ya unga?"

"Sasa kwa kitu gani? Kwa mchanga?"

Ewald alifunga pazia, akamwonyesha nusu mbili, akaeleza. Alieleza vibaya, akirudia, akijikwaa. Sabuni za baada ya vita zina kitu cha kung'arisha. Sabuni ndiyo iliyong'aa, kitambaa hakina kosa. Kitambaa ni cha vita. Kofia ni ya vita, na nembo imekwanguliwa kama kila mtu alivyokwangua Waamerika walipoingia. Kila alichosema mama huyu kingeweza kuwa kweli tangu mwanzo, na yeye Ewald Piontek alikuwa mpumbavu, na atakwenda kulisema hilo mbele ya watu walewale.

Bi Hasenkamp alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua pazia, akalisawazisha mikunjo.

"Unakuja kuniambia kwamba sikudanganya."

"Ndiyo."

"Hilo nilikuwa ninalijua, Bwana Piontek." Akakaa. "Wewe ulisema kuna mtu alinidanganya. Nilirudi nyumbani nikafikiri, nani? Mtu mmoja tu alinipa. Na nikaanza kumkumbuka baba. Unajua baba yangu alikuwa nani baada ya vita? Alikuwa wa magendo. Ukitaka siagi, alikupatia. Ukitaka viatu, ukitaka cheti chenye mhuri. Alinipa mwanasesere akasema ametoka kwa shangazi wa Münster; sina shangazi Münster. Kofia wakati ule zilizagaa kila kifusi. Nilikuwa namlilia mama kila siku, mke wake mpya amechoka na mimi. Angeshindwa kuokota moja na kopo la rangi?"

"Lakini kofia ni ya kweli!"

"Ni ya vita. Umesema vizuri. Ni ya mama yangu?"

Ewald aliishika taa mfukoni. Miaka yote ile, kwa kila muuzaji, yeye ndiye aliyeliuliza swali hilo, na hakuwahi kukaa upande huu wa meza. Taa haikumulika mpaka huko. Pua haikunusa mpaka huko.

"Jina lipo," alisema.

"Jina huandikwa na anayetaka uamini. Si nyinyi mnasema hivyo? Nilisikia pale kibandani, walikuwa wanakunukuu."

"Bi Hasenkamp, baba yako alisema—"

"Alisema, ndiyo. Miaka hamsini nilimwamini. Kila siku ya kuzaliwa ya mama niliiweka hapa mezani, nikamtilia kahawa kikombe chake. Utacheka."

"Sicheki."

"Mwaka huu niliiweka. Nikatia kahawa. Nikaona bati." Aliinuka, akafungua kabati la chini, akaitoa kwenye mfuko uleule wa sokoni. "Sikukasirikii. Ungekuwa mwongo ingekuwa rahisi. Ninakuamini kuhusu sabuni. Anayetakiwa kuulizwa ni baba, na baba yuko kaburini, hata nikimmulika haonekani. Chukua. Wekeni na jina, kama mlivyotaka."

"Wewe ndiye uliyetaka."

"Ndiyo," alisema. "Nilitaka."

Alitimiza ahadi. Mbele ya chama kizima, Overkamp akiwa amejikunja kitini kwa aibu ya mwenzake, Ewald alisimama akazionyesha nusu mbili za ukanda na akasema kwamba amemkosea Bi Hasenkamp, kwamba kofia ni halali, na kwamba yeyote mwenye neno la kibandani aje amwambie yeye. Wakapiga makofi. Watu wetu wanapenda mtu akiomba radhi, wanajisikia wao ndio waliosamehe. Yule bwana aliyesema habari za mama shujaa alisema sasa kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Kofia iliwekwa ndani ya kioo, katikati ya handaki, mahali pazuri kuliko pote, na kibao: Alwine Hasenkamp, mlinzi wa nyumba, alirudi juu kumfuata jirani. Jumapili ya ufunguzi watu walijaa. Gazeti lilikuja. Wanawake wazee walisimama mbele ya kioo wakajifuta macho, na Ewald, ndani ya suti yake ya mazishi, alisimama kando kujibu maswali. Hakushuku mtu siku hiyo. Mzee mmoja alimweleza habari za shangazi yake na ndoo ya mchanga, hadithi ndefu, tamu mno, naye akaisikiliza yote.

Bi Hasenkamp alikuja alasiri. Alivaa koti lake zuri la kijivu na kofia ya sufu. Overkamp alitaka kumpitisha mbele, akakataa. Alisimama kwenye foleni na wageni, mkoba mikononi, akasogea hatua kwa hatua mpaka zamu yake ikafika. Alisoma kibao taratibu, mpaka chini. Akainama kidogo akaangalia ukanda. Halafu akamgeukia Ewald kwa adabu, kama mtu wa mji mwingine aliyeshuka treni.

"Na mmejuaje kwamba ni yake?"

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Ewald aliitafuta hata chembe akaikosa, alitamani hata mama huyo amtukane. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na kwa sababu pale ndipo walipowekwa watu wa kuulizwa.

Wageni nyuma yake walisogea wasikie. Ewald alianza kueleza habari za kitambaa na sabuni. Bi Hasenkamp alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Kumbe," alisema, akamshukuru, akasogea kwenda kutazama barakoa za gesi.